Mwanafunzi Akimdharau Mwalimu, Shule Yafanya Nini?



Siku hizi wazazi wakikutana baada ya Misa, iwe Walungu, Burhale, Mubumbano au Nyangezi, neno moja halikosi kusemwa: watoto wa leo hawana heshima tena kwa walimu. Mzee asema kwamba zamani mwalimu akipita njiani watoto waliacha mchezo, wakavua kofia, wakasalimu. Mama asema kwamba mwanawe arudi nyumbani akimwita mwalimu kwa jina la kumchekea. Na mwalimu mwenyewe, akiulizwa, atikisa kichwa tu na kusema: "Sisi tumezoea."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala hatutaki kulikana. Lakini twaona kwamba watu wengi huishia hapo, kwenye kulalamika. Ni wachache waulizao swali la pili: mtoto akimkosea mwalimu heshima, shule yafanya nini? Na yale ifanyayo, je, yamrudishia mwalimu heshima yake, ama yamwondolea hata ile kidogo iliyobaki? Swali hilo ndilo tunalotaka kulichungua hapa kwa uwazi, bila kumpendelea mtu. Maana twaona kwamba shule zetu nyingi, katika jambo hili, zatia dawa kali mahali pasipo na kidonda, na kidonda chenyewe chaachwa wazi.

Dharau ni nini?

Kwanza tusichanganye mambo. Si kila neno lisilompendeza mwalimu ni dharau.

Mtoto aulizaye "kwa nini?" hadharau. Injili ya Luka yatueleza kwamba Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alionekana hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali; na walimu wale walistaajabu, hawakukasirika. Mwanafunzi asemaye kwa adabu kwamba hesabu ya ubaoni ina kosa, ikiwa kosa lipo kweli, amemsaidia mwalimu wake. Mtoto asinziaye darasani kwa sababu aliamka gizani kuteka maji, kisha akapanda vilima viwili kwa miguu bila kula kitu, naye hadharau. Ana njaa na usingizi.

Upo pia utoto. Kijana wa miaka 14 au 15 acheka bila sababu, ajibu upesi kuliko afikirivyo, ataka kuonekana mwanaume mbele ya wenzake. Hilo ni kosa na lafaa kuonywa, lakini si uasi.

Dharau yenyewe ni kitu kingine. Ni kumtukana mwalimu mbele ya wengine. Ni kukataa kwa makusudi amri iliyo ya haki. Ni kumpiga picha kwa simu kwa siri, kisha kuwapelekea wenzake pamoja na maneno ya kumfanya kicheko. Ni kuandika jina lake ukutani mwa choo. Ni kumngoja njiani usiku kwa mawe baada ya buletini kutolewa. Mambo hayo yapo, na ni mabaya. Mwalimu aliyetukanwa mbele ya watoto 60 hawezi kusimama vizuri mbele yao kesho yake. Mtu asemaye kwamba jambo hilo ni dogo, huyo hajapata kushika chaki.

Basi, heshima twaitaka. Ugomvi wetu si juu ya heshima. Ni juu ya njia tatu ambazo shule zetu huzitumia kuitafuta.

Njia ya kwanza: fimbo na magoti

Mtoto amejibu vibaya. Mwalimu amshika, amchapa fimbo, au ampigisha magoti juani penye changarawe, mikono juu, hata kengele ilie. Darasa latazama. Wengine wacheka, wengine waogopa. Mwalimu aona kwamba amani imerudi.

Tuitazame amani hiyo. Mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Leo mwenye nguvu ni mwalimu. Lakini atakapofika mwaka wa tano au wa sita wa sekondari, kijana huyo atakuwa mrefu kuliko mwalimu wake, na somo lile atalikumbuka. Woga wafanana na heshima kama vile muhogo mchungu ufananavyo na muhogo mtamu: kwa macho ni mamoja, tofauti yajulikana tumboni.

Wale wanaotetea fimbo hutuletea methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, lakini tuisikilize vizuri. Haikutaja fimbo. Yasema kwamba mlezi asiogope kumkataza mtoto jambo baya, hata kama mtoto atalia. Mtoto aweza kulia kwa sababu amenyimwa mchezo, au kwa sababu ameambiwa ukweli ambao hakutaka kuusikia. Machozi hayo yafaa. Lakini machozi ya mtoto aliyeaibishwa mbele ya watu hayamwoshi moyo, yamtia chuki.

Sheria ya nchi yetu nayo imesema. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto yaitaka Serikali ihakikishe kwamba nidhamu katika shule na katika jamaa yatolewa kwa utu. Majirani zetu pia wameshughulika na jambo hili. Kenya iliondoa fimbo shuleni mwaka 2001. Tanzania haikuiondoa, ila iliitia mipaka: kanuni za mwaka 2002 zasema viboko visizidi vinne, navyo vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Mpango huo waonekana kuwa wa busara. Lakini mwaka 2016, katika shule moja ya sekondari ya mji wa Mbeya, walimu vijana waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha walimzunguka mwanafunzi mmoja katika ofisi ya walimu, wakampiga makofi, mateke na fimbo wote pamoja. Ugomvi ulikuwa umeanza na zoezi ambalo hakulifanya na adhabu ambayo aliikataa. Mtu mmoja alilinasa tendo hilo kwa simu, na nchi nzima ikaliona. Serikali ikaagiza walimu hao waondolewe katika vyuo vyao. Hapo twajifunza neno moja: sheria ilihesabu viboko vinne, lakini hasira haijui kuhesabu. Tena ni nani aliyepoteza heshima siku ile? Si mwanafunzi. Ni walimu, hata wale ambao hawakuwapo.

Mtakatifu Yohane Bosco, padri wa Torino katika Italia, hakulea watoto watulivu. Aliwakusanya vijana wa barabarani, wengine waliokuwa wametoka gerezani, wenye midomo mikali. Naye mwaka 1877 aliandika maelezo mafupi juu ya namna yake ya kulea. Humo akataza kumpiga mtoto kwa namna yoyote, kumpigisha magoti kwa kumuumiza, au kumvuta masikio. Asema kwamba mambo hayo yamkasirisha kijana na kumshusha mlezi mwenyewe. Tena ataka maonyo yatolewe faraghani, si mbele ya watu, ila mara chache sana. Wana wake, Wasalesiani, wako katika nchi ya Kongo tangu mwaka 1911. Imepita miaka zaidi ya 100, na bado twapigisha watoto magoti juani kana kwamba hakuna mtu aliyetuambia neno.

Njia ya pili: kufukuza

Kwa kuwa fimbo yaogopwa kidogo siku hizi, shule nyingi za sekondari zimeshika njia ya pili. Mwanafunzi aandikiwa karatasi: akae nyumbani siku tatu, au juma zima, kisha arudi pamoja na mzazi. Kosa likirudi, afukuzwa kabisa. Kwa macho njia hii ni safi. Hakuna kelele wala damu. Kuna karatasi na muhuri.

Lakini yule wa siku tatu aenda wapi? Mama yuko shambani, baba yuko Bukavu kutafuta kazi. Twasikia mara nyingi kwamba kijana haionyeshi karatasi nyumbani. Aenda sokoni, atafuta mtu mzima asiye na kazi, amnunulia kasiksi au ampa franga kidogo, kisha amleta shuleni kama baba yake mdogo. Mtu huyo atoa sauti kali mbele ya prefe, amkemea "mtoto wake", atia sahihi karatasi ya ahadi, aenda zake. Shule yaridhika. Mzazi wa kweli hajui kitu. Na kijana, aliyefukuzwa kwa sababu ya neno moja baya, arudi darasani akiwa amejua pia kudanganya, tena amewacheka wakubwa wote kwa mara moja.

Na yule afukuzwaye kabisa? Hapa Walungu si mjini, ambako shule zimepangana barabarani. Shule nyingine yaweza kuwa ng'ambo ya mlima. Katikati ya mwaka ni vigumu apokelewe, na minervali iliyokwisha kulipwa hairudi. Basi kijana aketi. Akichoka kuketi, ashuka Mukungwe kwenye machimbo ya dhahabu, kuingia katika mashimo ambayo siku za mvua huporomoka. Au afuata wenye silaha. Tangu vita vya mwaka 1996 vilima vyetu havijakosa makundi ya watu wenye bunduki, nayo hayaulizi buletini wala alama ya mwenendo; yapokea kila anayekuja. Na msichana afukuzwaye, mara nyingi aozwa kabla ya mwaka kwisha.

Sasa twauliza: neno moja baya la kijana wa miaka 15 lalingana na hukumu hiyo? Prefe anayetia muhuri haoni Mukungwe kutoka mezani kwake, lakini karatasi ile yaweza kumfikisha mtoto huko.

Hatusemi kwamba shule isimfukuze mtu kamwe. Kijana aliyemjeruhi mwalimu, au aingiaye darasani na kisu, hawezi kukaa pamoja na wengine. Lakini kufukuza ni kama kukata mguu. Daktari hukata mguu dawa zote zikiisha kushindwa. Hafungui kazi yake kwa msumeno.

Njia ya tatu: kunyamaza

Njia ya tatu haikuandikwa katika kanuni za shule yoyote, lakini yajulikana na wote. Mtoto wa mtu mkubwa, au wa mwenye feza, au wa mwenye bunduki, amtukana mwalimu. Afanywa nini? Hakuna. Mwalimu aitwa kando, aambiwa: "Mwalimu, uvumilie, unajua hali ya nchi." Kesho yake mtoto wa mjane asema neno lile lile, naye apewa karatasi ya siku tatu.

Watoto wana macho. Hawasomi kanuni zilizobandikwa mlangoni. Wasoma yale yanayotendeka. Wakiona kwamba tusi la mmoja ni dhambi na tusi la mwingine ni upepo tu, wajua kwamba kanuni haikuwekwa kumlinda mwalimu. Na mwalimu aliyeambiwa avumilie, kwa kweli ametukanwa mara mbili: mara ya kwanza darasani na mtoto, mara ya pili ofisini na wakubwa wake. Tusi la pili ndilo linalodumu.

Dharau yatoka wapi?

Njia hizi tatu zina upungufu mmoja unaofanana. Zote zauliza: tumfanye nini mtoto? Hakuna inayouliza: ni nani aliyemfundisha kudharau?

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Shule nyingi za Walungu zasimamiwa na Kanisa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi kati ya Serikali na Makanisa tarehe 26 Februari 1977. Kanisa lasimamia, Serikali ndiyo yenye wajibu wa kulipa mishahara. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 feza ya nchi ilianguka, na mshahara wa mwalimu ukawa si kitu. Migomo ikafunga madarasa. Ndipo, karibu na mwaka 1993, wazazi walipoanza kumlipa mwalimu kutoka mifuko yao wenyewe. Lilikuwa tendo la wema mkubwa, maana bila hilo shule nyingi zingalikufa. Walakini liliacha jeraha ambalo hatujaliponya.

Asubuhi, watoto wakiwa mstarini mbele ya bendera, mwalimu alisoma majina ya wenye deni. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alitoka mstarini, akarudi nyumbani machoni pa wenzake. Hivyo mtu aliyeitwa kufundisha alifanywa mdai wa madeni. Na usiku, karibu na moto, mzazi mwenye uchungu alisema: "Huyo mwalimu ni nani? Ugali wake nautoa mimi." Mtoto alisikia. Twategemea nini kwa mtoto aliyesikia maneno hayo mwaka baada ya mwaka? Kwamba kesho asimame kwa heshima mwalimu aingiapo?

Katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Kuanzia mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kulitimiza neno hilo, na watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani waliingia shule. Tulifurahi, na ilifaa kufurahi. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, walimu wengine walibaki bila mshahara, na katika sekondari wazazi waliendelea kulipa. Mwanzoni mwa mwaka wa shule 2024-2025 walimu wengi wa shule za msingi za Kivu ya Kusini walikaa katika mgomo kwa majuma mengi. Kisha mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa M23, na shule zikafungwa kwa muda. Katika shida hizo zote mtoto amemwona mwalimu wake akilima shamba la mtu mwingine kwa kibarua, akikopa unga dukani, akivaa viatu vilivyokwisha. Umaskini si aibu. Lakini mtoto ambaye ameambiwa na kila mtu kwamba thamani ya mtu ni feza yake, atampima mwalimu kwa viatu vyake.

Hiyo ni sehemu ya wazazi na ya Serikali. Iko sehemu nyingine iliyo chungu kuisema, nayo ni ya walimu wenyewe. Walimu wengi wavumilia kazi yao kwa ushujaa, na kama si wao, leo tusingekuwa na mtu wa kuandika hata barua. Lakini wako wanaowaita watoto nyani na wajinga, kisha washangaa wakijibiwa. Wako waingiao darasani na harufu ya pombe. Wako wauzao pointi: mwanafunzi aliyenunua pointi kwa mwalimu atamheshimuje, naye amekwisha kujua bei yake?

Na wako, tuseme wazi, wanaowataka wasichana kwa ubaya. Msichana akikataa, tangu siku ile aitwa mwenye kiburi, asiye na heshima. Akijibu kwa ukali, neno lake lapelekwa ofisini, na lile alilotendewa labaki nyuma ya mlango. Shule ikimhukumu msichana huyo kwa ushuhuda wa mwalimu peke yake, basi imeutia uovu muhuri wake. Kwa sababu ya msichana huyo mmoja tu, twasema kwamba mwalimu aliyekosewa asiwe yeye mwenyewe mshitaki, shahidi na hakimu.

Yafaa kufanya nini?

Hatuhitaji kwenda mbali. Wazee wetu, walipokaa barazani, walijua jambo hili: mwenye ugomvi hakai katika kiti cha mwamuzi. Alisema neno lake, mwenzake akasema lake, mashahidi wakasikilizwa, kisha wengine wakaamua. Na uamuzi haukuishia kwenye kumtia mtu aibu. Ulitaka kitu kilichoharibika kitengenezwe, ili watu wapate kukaa tena pamoja. Tuichukue hekima hiyo, tuiingize shuleni.

Kwanza, mwalimu asilimalize jambo saa ile ile ya hasira. Amwambie kijana kwa sauti ya chini, "Tutaongea baadaye," aendelee na somo. Darasa litaona kwamba tusi halikumwangusha. Hilo peke yake ni ushindi mkubwa kuliko fimbo kumi.

Pili, mtu mwingine asikilize. Awe mkuu wa nidhamu pamoja na mwalimu mmoja asiyehusika. Na kama mwanafunzi ni msichana, awepo mwalimu mwanamke au sista. Maneno ya pande zote mbili yaandikwe. Mtoto aulizwe, "Ulisema nini?" na pia, "Kwa nini ulisema?" Jibu la swali la pili mara nyingi litaonyesha njaa, au msiba nyumbani, au kosa la mkubwa fulani.

Tatu, lililoharibika litengenezwe pale lilipoharibika. Aliyeonywa aonywe faraghani, kama Don Bosco alivyotaka. Lakini aliyetukana mbele ya darasa, akiisha kulitambua kosa lake, aombe msamaha mbele ya darasa hilo hilo, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno aliyoandikiwa. Aliyechafua ukuta aupake chokaa. Akipewa kazi, iwe kazi ya shule: kupanda miti, kutengeneza madawati, kuteka maji ya kuosha madarasa. Isiwe kamwe shamba la mwalimu. Kosa la mtoto likigeuka faida ya mwalimu, watoto waona mara moja, na dharau yaongezeka.

Nne, mzazi wa kweli apashwe habari. Karatasi isipitie mikononi mwa mtoto. Katika kila mtaa twawajua viongozi wa mashirika ya Wakristo na wajumbe wa komite ya wazazi. Mmoja wao aweza kuifikisha nyumbani siku ile ile. Hivyo yule baba mdogo wa kukodi atakosa kazi.

Tano, kosa lililokwisha tengenezwa lisirudiwe. Mwalimu asimkumbushe mtoto kila juma tusi la mwezi uliopita. Msamaha usiosahau ni adhabu nyingine isiyo na mwisho.

Sita, mwalimu aondolewe kazi ya kudai. Mhasibu wa shule aongee na mzazi juu ya feza, kwa barua au kwa mkutano. Majina ya wenye deni yasisomwe tena mbele ya watoto. Hakuna kanuni ya nidhamu itakayofaa kitu maadamu desturi hiyo yaendelea.

Mtu atatujibu: "Ninyi mwasema tu. Mwalimu mwenye watoto 70 hana wakati wa mabaraza." Twalifahamu neno hilo. Lakini si kila kosa laenda barazani. Makosa madogo ya kila siku mwalimu mwema huyamaliza kwa jicho, au kwa kumwita mtoto kando dakika mbili. Makosa makubwa, yale ya matusi ya kweli, si mengi katika muhula mmoja. Kuyapa saa moja kila moja si kazi isiyowezekana. Na tuhesabu pia saa tunazozipoteza sasa: fimbo yachukua dakika moja, lakini kijana yule yule arudi kuchapwa juma lijalo, na lile la kufuata. Dawa inayonywewa kila siku bila kuponya, si dawa ya haraka.

Neno la mwisho

Kwa wazazi twasema: mwalimu akikukosea, mwendee mwenyewe, mwambie. Usimwambie mtoto wako. Neno la dharau unalolisema usiku nyumbani, kesho asubuhi liko darasani.

Kwa walimu twasema: mwastahili heshima, nasi twaidai pamoja nanyi, na mshahara wenu pia. Lakini heshima haishikwi kwa mkono wenye fimbo. Anayeanza somo kwa saa yake, anayesahihisha madaftari, anayetoa pointi kwa haki na kumwita kila mtoto kwa jina lake, huyo hutukanwa mara chache. Naye akitukanwa, darasa lenyewe lasimama upande wake.

Kwa wanafunzi twasema: uliza, tena uliza sana, lakini kwa adabu. Mwalimu wako aweza kuwa maskini, aweza kukosea hesabu. Hata hivyo kusoma karatasi hii uliyonayo mkononi ulifundishwa na mwalimu.

Na kwa sisi sote, mkutano wa wazazi wa mwanzo wa mwaka utakapoitwa, tusiende kusikiliza tu habari za feza. Tuinue mkono, tuulize maswali matatu. Katika shule yetu, mtoto akimkosea mwalimu, nani amsikiliza? Mwaka uliopita ni wangapi waliofukuzwa, nao wako wapi leo? Na mtoto wa mkubwa ahukumiwa sawa na mtoto wa mjane? Kama hakuna mtu katika mkutano awezaye kuyajibu, basi tumekwisha kujua kazi yetu ya mwaka huo.